Kufuli ya Pili Kwenye Simu



Vikundi vingi hapa Shianda huweka pesa katika sanduku la kufuli tatu. Funguo ziko kwa akina mama watatu, na mweka hazina hana hata mmoja. Si kwamba tunamshuku mtu. Ni kwamba mwizi akipata ufunguo mmoja, bado hajafungua kitu. Somo la leo ni hilo hilo, ila sanduku ni simu.

Wengi mmeshalizoea bila kujua. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, pesa hutoka kwa vitu viwili: laini yako, na namba ya siri unayoijua wewe. Mkora akijua namba lakini hana laini, amekwama. (Kukku anayempa mjukuu simu pamoja na namba ya siri ili akamtolee pesa sokoni, amempa funguo zote. Hilo mzungumze nyumbani.)

WhatsApp ukiiacha ilivyo, ufunguo ni mmoja tu: tarakimu sita zinazoletwa kwa SMS inaposajiliwa kwenye simu. Mwenyekiti wa kikundi kimoja alipigiwa na mtu mpole kabisa: "Mama, nimekutumia namba kwa makosa, hebu nisomee." Akamsomea. Kufika jioni, wanachama walikuwa wakiombwa, kwa jina lake na picha yake, watume mchango wa matanga haraka. Wawili walituma. Pesa hazijarudi, na mama wa watu bado anaona haya kuja mkutanoni. Kosa si lake peke yake. Sisi hatukuwa tumemfundisha.

Fungua WhatsApp, ingia mipangilio, halafu akaunti, halafu uthibitishaji wa hatua mbili. Chagua namba ya siri ya tarakimu sita, isiwe tarehe yako ya kuzaliwa. Ongeza barua pepe, maana ukisahau namba ndiyo itakuokoa. Lakini iwe yako kweli, si ile ambayo kijana wa saiba alikufungulia na nywila akabaki nayo.

Na laini je? Wakora wengine huihamisha kwenye kadi yao. Simu yako inapoteza mtandao ghafla, na SMS zote zinakwenda kwao. Walio na Safaricom wapige *100*100# kuizuia laini isibadilishwe na mtu mwingine.

Ya kujadili kikundini: mwanachama akiomba pesa kwa WhatsApp, tutahakikisha vipi kuwa ni yeye kabla hatujatuma? Mkutano ujao mje na simu zikiwa na chaji, tuwekeane kufuli hapo hapo.