Wimbo Uliowataja Wapinzani Wote



Somo letu safari hii linahusu muziki. Huenda wengine watauliza: mtu aliyeacha shamba na nyumba, muziki utamsaidia nini? Swali hilo ni la haki, maana muziki haujazi sufuria. Hata hivyo, sisi tunaotembelea kambi na familia zinazopokea wageni hapa Kisangani tumeona kwamba nyimbo nazo huhama. Mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipozuka mwaka 2023 upande wa Lubunga, watu walivuka mto wakiwa na nguo chache, watoto mgongoni, na nyimbo zao kichwani. Kuna nyimbo za kubembeleza mtoto, za matanga na za kanisani. Kuna pia nyimbo za kumdharau jirani, na watoto hushika zote.

Lengo la somo ni kujifunza, kwa kutazama historia ya muziki wetu, wimbo unaweza kufanya nini kwa ajili ya amani na unashindwa wapi. Tunashauri lisomwe kwa sauti, sehemu moja moja, kisha mjadiliane.

1. Brussels, Januari 1960

Mwezi huo viongozi wa Kongo walikwenda Ubelgiji kwenye Mkutano wa Meza ya Mviringo kudai uhuru. Walitoka vyama na mikoa mbalimbali, na wengi walikuwa wapinzani wakali. Patrice Lumumba hakuwamo mwanzoni. Alikuwa amefungwa baada ya machafuko yaliyotokea hapa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, mwishoni mwa Oktoba 1959. Wajumbe wengine, wakiwemo washindani wake, walisimama pamoja wakadai aachiliwe ili aje kukaa nao mezani. Akaachiliwa.

Wanamuziki nao walikuwapo Brussels. Joseph Kabasele, aliyeitwa Grand Kallé, alikwenda na orkesta yake ya African Jazz, pamoja na mpiga gitaa Nico Kasanda. Lakini kundi halikuwa la African Jazz peke yake. Vicky Longomba na Brazzos walitoka OK Jazz, orkesta iliyoshindana na African Jazz katika baa za Kinshasa. Kwa safari hiyo wakapiga muziki pamoja.

Hapo ndipo ulipozaliwa wimbo wa «Indépendance Cha Cha». Uliimbwa zaidi kwa Kilingala, ukavuka mipaka, ukachezwa katika nchi nyingi za Afrika zilizopata uhuru mwaka huo. Tunaomba mzingatie jambo moja: wimbo huo unataja majina. Kasavubu yumo, Lumumba yumo, Tshombe yumo, Kalonji yumo, Bolikango yumo. Vyama vyao vimo pia. Kila msikilizaji, awe wa Katanga, wa Kasai, wa Bas-Congo au wa Mkoa wa Mashariki, alimsikia mtu wake akitajwa kwa heshima karibu na mtu wa wengine.

2. Jambo ambalo wimbo haukuweza

Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 Julai, Tshombe alitangaza Katanga kujitenga. Mwezi Agosti Kalonji alifanya vivyo hivyo Kasai ya Kusini. Mwezi Septemba Kasavubu na Lumumba walifukuzana madarakani. Tarehe 17 Januari 1961, Lumumba aliuawa Katanga. Watu waliotajwa katika wimbo mmoja hawakufikisha hata mwaka mmoja wa amani.

Je, wimbo ulidanganya? Hatusemi hivyo. Kule Brussels walikubaliana siku ya uhuru, lakini namna ya kugawana madaraka na mali ilibaki na maswali makubwa. Wimbo ulisherehekea makubaliano yaliyokuwapo. Haukuweza kujaza nafasi ya makubaliano ambayo hayakufanyika. Viongozi wetu wa leo wasikie hapo: tusiwakusanye watu kucheza ngoma ya upatanisho huku suala la shamba halijaguswa.

3. Mtoto wa Kisangani

Msiba wa miaka ile uliingia pia katika nyumba moja ya mji wetu. Jean-Pierre Finant, rais wa serikali ya Mkoa wa Mashariki na mfuasi wa Lumumba, alikamatwa, na mwezi Februari 1961 aliuawa Bakwanga, Kasai ya Kusini, pamoja na wenzake. Aliacha binti aliyezaliwa hapa Kisangani tarehe 9 Novemba 1954. Alikuwa na umri wa miaka sita. Familia ilihamia Kinshasa.

Binti huyo ndiye Abeti Masikini. Mwaka 1973 aliimba katika ukumbi wa Olympia mjini Paris, na mwaka 1974 Carnegie Hall mjini New York. Septemba ya mwaka huo huo alikuwa miongoni mwa wasanii wa tamasha la Zaire 74 mjini Kinshasa, ambako walikuja James Brown, B.B. King na Miriam Makeba. Wengine walipita mikononi mwake kabla ya kujulikana: Mbilia Bel alianzia kwake, na Lokua Kanza alipiga gitaa katika kundi lake. Alifariki Ufaransa tarehe 28 Septemba 1994.

Tunawaeleza haya wazazi hasa. Mtoto aliyepoteza baba kwa sababu ya siasa na kuhama mji bado ana kipaji chake. Tunapoandika orodha ya mahitaji ya familia zilizohama, tunaandika turubai, unga na dawa, na ni sawa. Lakini mtoto anayependa kuimba apewe nafasi ya kuimba, na wasichana wasizuiwe.

4. Sauti inayoweza kuangamiza

Tusifiche upande wa pili. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki mashuhuri wa Rwanda. Mwaka 1994 nyimbo zake zilitumiwa katika propaganda ya chuki wakati wa mauaji ya kimbari. Desemba 2008 mahakama ya kimataifa mjini Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 15. Alihukumiwa kwa maneno aliyosema kwa kipaza sauti barabarani, akichochea watu kuua Watutsi. Watu walimsikiliza kwa sababu walikuwa wamempenda kama mwimbaji. Anayeimba vizuri hubeba wajibu mkubwa kuliko wengine.

5. Tufanye nini katika vikundi vyetu?

Katika kikao kimoja tulipendekeza wanawake wa pande mbili watunge wimbo wa pamoja. Mama mmoja alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: «Mnataka niimbe nao. Kwanza waseme jina la mwanangu.» Hakuna aliyemjibu haraka. Siku hiyo hatukuimba. Walianza kutaja majina ya waliokufa, upande huu na upande ule, na kikao kikaishia hapo. Tunaamini kazi ya siku hiyo ilikuwa kubwa kuliko wimbo wowote.

Kwa hiyo tunapendekeza hatua hizi:

Kwanza, yatajwe majina. Kila upande utaje waliopotea na vijiji vilivyoachwa, na upande mwingine usikilize bila kubishana.

Pili, viongozi waseme wazi ni jambo gani wamekubaliana: mipaka ya shamba, njia ya kwenda sokoni, usalama wa wanaorudi. Likiwa dogo, litajwe kama lilivyo dogo.

Tatu, ndipo utungwe wimbo juu ya jambo hilo, kwa sauti inayojulikana na wote, na kila jamii itajwe ndani yake kwa heshima.

Nne, upimwe hivi: je, ningeweza kuuimba mbele ya jirani yangu wa upande wa pili, watoto wake wakisikiliza? Kama siwezi, urekebishwe.

Tano, asilazimishwe mtu kuimba. Mwenye uchungu anaweza kukaa na kusikiliza tu.

Maswali ya kujadili

1. Ni nyimbo gani watoto wetu wanaimba kambini? Je, kuna inayomtukana mtu? Nani atazungumza nao, na kwa namna gani?

2. Wajumbe wa mwaka 1960 walidai mpinzani wao aachiliwe ili aketi nao. Nani anakosekana katika vikao vyetu leo? Nani atamwita?

3. Je, tumewahi kufanya sherehe ya upatanisho kabla ya makubaliano? Matokeo yalikuwa nini?

4. Katika familia zetu, ni mtoto gani mwenye kipaji ambacho hakuna aliyekitazama tangu tuhame?

Kwa kumaliza

Mwezi Desemba 2021, UNESCO iliiweka rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu. Ombi lililetwa kwa pamoja na nchi mbili, Kongo ya Kinshasa na Kongo ya Brazzaville, zinazotazamana kutoka kando mbili za mto mmoja. Mto huo huo unapita hapa kwetu, kati ya Lubunga na katikati ya mji. Wanaovuka kila siku kwa mtumbwi wanajua kwamba kando zote mbili zinasikia ngoma ile ile ikipigwa usiku. Tuanze kwa kutaja majina, tukubaliane, kisha tuimbe.