Jasho la mama na hela za mpunga

Barua imetoka Kisanga, wilayani Kilosa, upande wa Mikumi. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne, ameolewa miaka kumi na tano iliyopita, na anaomba jina lake lisitajwe. Anaamkia, "Shikamoo Anti," anauliza hali, kisha anaingia moja kwa moja kwenye kilichomkaa rohoni.

"Mpunga tulivuna mwezi wa sita. Siku moja narudi kisimani nakuta magunia yameondoka, uani kuna pikipiki mpya. Nikamuuliza mume wangu hela ya sare na madaftari iko wapi. Akanijibu mbele ya shemeji yangu: wewe unakaa nyumbani tu, mambo ya hela umeyajulia wapi? Anti, mimi naamka saa kumi na moja. Nachota ndoo sita kila siku. Mama mkwe amepooza upande mmoja, huu mwaka wa tatu, mimi ndiye ninayemwogesha na kumlisha. Kulima nalima, kupalilia napalilia, ndege nafukuza mimi na wanangu. Sasa nasikia anatafuta mteja wa shamba la bondeni aongeze pikipiki ya pili, na shamba lenyewe nilipewa na mjomba wangu. Wenzangu wa kikoba wananiambia nigome, nisipike wala nisichote maji, ndipo atajua. Wengine wanasema nirudi kwetu. Nifanye lipi?"

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Barua hii inauma kwa mengi, lakini la haraka ni shamba, kwa hiyo lianze hilo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mume wala ya mke. Shamba ambalo mama huyu alipewa na mjomba wake halikugeuka kuwa la mumewe siku ile alipoolewa, wala siku ile mume aliposhika jembe akasaidia kulilima. Mume anaweza kushauri, anaweza kuomba. Kuuza hawezi.

Lakini haki iliyo kichwani tu haimzuii mnunuzi mwenye hela mkononi. Mama aende kwa mtendaji wa kijiji akiwa na mjomba, au ndugu mwingine wa ukoo aliyekuwepo siku ya kukabidhiwa, aeleze kwa maandishi kwamba shamba ni lake na haliuzwi, kisha abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Uhamisho wa ardhi ya kijiji hupitia halmashauri ya kijiji, na halmashauri ikishajua kuna mwenye pingamizi, mauziano ya kimyakimya huwa magumu. Akitoka hapo aulizie hatimiliki ya kimila, ile inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sheria hiyohiyo inatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Hati ikiandikwa jina lake, maneno yatapungua sana.

Na asidanganywe na mtu kwamba mwanamke kuwa na shamba ni mambo ya kuiga. Wasagara, Wavidunda, Wakaguru na Waluguru, wenyeji wa milima na mabonde haya ya Morogoro, tangu zamani wamehesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtafiti T. O. Beidelman aliyakusanya makabila haya pamoja na jirani zao wa pwani katika kitabu alichokitoa mwaka 1967. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mjomba ndiye mwenye sauti, na ardhi hupita humohumo. Mjomba aliyempa mpwa wake nusu ekari bondeni alifanya jambo ambalo babu zake wangelitambua mara moja. Kwa hiyo mjomba huyo asiwekwe pembeni katika kikao chochote kitakachokuja.

Sasa kauli ile ya "unakaa nyumbani tu."

Ndoo sita za lita ishirini ni lita 120, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mama huyu anabeba kilo 120 kichwani kila siku, kwa mafungu, kabla hajapika chai. Kwa mwaka zinapita tani 43. Mumewe akitaka kuelewa, na atazame wanaouza maji vijijini na mijini: maji yakiwa ya kuuza, mchotaji ni kijana wa kiume mwenye baiskeli na madumu, analipwa kwa dumu, na hakuna anayethubutu kusema hana kazi. Maji hayohayo yakiwa ya kunywa nyumbani, yanaitwa kukaa tu.

Kuna na huyu mama mkwe. Mgonjwa aliyepooza hujigeuza kwa shida, na asipogeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, ngozi ya mgongoni na ya kisigino huanza kuwa nyekundu, kisha hufunguka vidonda. Mwaka wa tatu huu yuko mtu anayemgeuza, anayechemsha maji, anayesogeza beseni, anayemwinua bega lililolegea kwa mkono mmoja na kumsugua kwa mwingine, anayemkausha mapajani, anayemlisha uji kwa kijiko polepole asipaliwe. Hospitalini, hiyo ni kazi ya muuguzi mwenye cheti na mshahara. Hata Serikali inapotangaza kima cha chini cha mishahara, wafanyakazi wa majumbani wana fungu lao katika tangazo. Kufua, kupika na kulea kuna bei pale anayefanya anapokuwa msichana wa kazi. Haiwezekani bei hiyo iyeyuke kwa sababu anayefanya ni mke.

Dunia nzima ina deni hili. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipiga hesabu mwaka 2018 likakuta kwamba kazi za kutunza nyumba na familia zisizolipwa zinachukua saa bilioni 16.4 kwa siku, na zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Hapa kwetu Tanzania jambo hili limeshaamuliwa hata mahakamani. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiwemo, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Bi Hawa alikuwa mama wa nyumbani, mumewe baharia. Kabla ya hapo majaji walikuwa wakivutana: wengine wakisema mke aliyepika na kulea alikuwa akitimiza wajibu wake tu, wengine wakisema ni jasho kama jasho jingine. Rufani ikafunga mjadala.

Ni vizuri mama huyu aijue na sehemu ya pili ya kesi ile, kwa sababu wanaoitaja huiruka. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu. Mumewe aliwahi kumpa fedha za kuanzisha biashara ya familia, mahakama ikaona amezitapanya, ikasema fungu lake ameshalipata. Kwa hiyo hesabu ni muhimu kwa pande zote. Mama wa Kisanga anahitaji daftari: magunia mangapi yalivunwa, mangapi yaliuzwa, kibarua gani alilipwa nini, nani alishinda shambani siku gani. Asiliandike kwa siri kama anayekusanya ushahidi. Liwekwe mezani, na baba naye aandike ya kwake. Nauli za pikipiki nazo ziingie humo.

Safu hii haioni kwamba pikipiki yenyewe ni kosa. Kwa anayekaa mbali na barabara ya lami, pikipiki ni usafiri wa mgonjwa, wa mazao, na ni kipato. Pengine wangekaa pamoja mama angekubali kuinunua. Kosa ni kuuza jasho la wawili kwa uamuzi wa mmoja, na ubaya zaidi ni kumdharau mwenzake mbele ya shemeji yake.

Je, agome? Wenzake wa kikoba hawakutunga jambo geni. Tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake wa Iceland, kama tisa katika kila kumi, waliacha kazi siku nzima, za ofisini na za jikoni. Akina baba walikwenda kazini na watoto. Mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria ya usawa, na mwaka 1980 Vigdís Finnbogadóttir akawa mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa rais kwa kura za wananchi. Lakini wale walitoka wote, nchi nzima, kwa siku moja waliyoitangaza mapema. Mama mmoja akigoma Kisanga, wa kwanza kulala njaa ni mtoto mdogo, na wa kwanza kupata kidonda ni bibi kitandani. Mume atakula kwa mama ntilie. Hapana, asigome.

Wala asirudi kwao kwa sasa. Kwenye barua hakuna kipigo wala kitisho. Vingekuwepo, jibu lingekuwa jingine kabisa: angeambiwa aondoke leo, na aanzie dawati la jinsia la polisi. Akiondoka sasa huku shamba likitafutiwa mteja, atakuwa ameacha uwanja wazi.

Afanye kikao, na wakati wake auchague vizuri. Isiwe usiku mume ametoka safari, isiwe mbele ya watoto. Iwe kabla ya msimu wa kulima, kwa sababu hapo ndipo mume anapomhitaji shambani na anajua anamhitaji. Awepo mjomba, na awepo yule shemeji aliyesikia ile kauli, maana aliyekuwepo kwenye tusi anafaa kuwepo kwenye kusahihisha. Mama mkwe naye, kama ulimi unamtii, aulizwe. Amehudumiwa miaka mitatu na mkono mmoja, na neno lake kwa mwanawe lina uzito kuliko la safu yoyote gazetini.

Katika kikao hicho asiombe shukrani. Aombe mambo yanayoshikika. Pikipiki inaweza kubeba madumu manne kwa safari moja: baba akichota maji alfajiri kabla ya kwenda kijiweni, safari za kisimani zitabaki mbili. Hela za mazao zihesabiwe na wote wawili kabla gunia halijatoka ndani. Na kuna jambo moja ambalo mama amelipitia haraka mwishoni mwa barua, pengine kwa kulizoea: binti yake wa darasa la sita huchelewa shule siku za mama kwenda shambani, kwa sababu yeye ndiye anayebaki na bibi. Ana kaka wa miaka kumi na minne ambaye hajawahi kuambiwa akoroge uji. Hili safu hii inalisema kwa uchungu wote. Mwaka ujao binti huyo ana mtihani wa darasa la saba. Kaka afundishwe kupika uji, kufua nguo zake na kumgeuza bibi yake, kuanzia wiki hii.

Mume akikataa kikao, au akiendelea kutafuta mteja, kata ina baraza la usuluhishi wa ndoa, na kwenda huko si kuomba talaka. Wasaidizi wa kisheria wapo wilayani, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na huduma yao ni bure. Awaulize hasa juu ya kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa, kinachozuia mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, asije mnunuzi akahamia kwenye nyumba baada ya kukosa shamba.

Limebaki la mawifi. Mama anasema wako wawili, mmoja Morogoro mjini na mwingine Ifakara, na kwamba hupiga simu kila Jumapili kumjulia hali mama yao. Kupiga simu ni vizuri. Sasa wapangiane zamu ya kuja: wiki mbili mmoja, wiki mbili mwingine, kila baada ya miezi michache, hasa wakati wa kupanda na wa kuvuna. Asiyeweza kuja atume hela ya sabuni, pampasi na unga wa uji. Ujumbe huo aupeleke mume mwenyewe, kwa kuwa ni dada zake na mgonjwa ni mama yao, na aupeleke kabla mvua hazijaanza.