Apiosi, Mmea wa Kinamasi

Mashariki ya Marekani, kando ya mito na penye kinamasi, huota mmea utambaao uitwao apiosi. Maua yake ya zambarau na hudhurungi hunukia vizuri. Chini ya udongo vimo viazi vidogo, vimefuatana kama shanga katika uzi. Wenyeji walivila tangu kale, na katika karne ya 17 Waingereza waliohamia huko waliponea kwavyo wakati wa njaa.

Atakaye kuupanda huchagua mahali pa majimaji penye jua, hufukia kiazi kina cha vidole vitatu, kisha huchomeka fito ili mmea upate kutambaa juu yake. Hafanyi haraka kuchimba, kwani viazi huchukua miaka 2 au 3 kunenepa. Wala havili vibichi, bali huvipika kwanza.

Basi, kinamasi kidharauliwacho huweza kuficha chakula, naye ajuaye mimea ya kwao ana akiba siku ya njaa.