Darsa: Michezo ya Siku ya Ukoo

Bismillahi Rahmani Rahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, likizo ya Idi inakaribia, na wengi wetu tutafika nyumbani tukute kazi tuliyopangiwa bila kuulizwa. Kwenye ukoo, mwanafunzi wa chuo kikuu ndiye hupewa kila jambo lenye karatasi: kuandika majina, kukusanya michango, kupanga ratiba. Mimi nilipewa michezo. Mara ya kwanza niliiharibu, na darsa hii imetokana na kuharibu kule.

Ukoo wetu uko sehemu tatu. Wapo wa Buyenzi hapa Bujumbura, wapo wa Rumonge, zaidi ya kilomita 70 kwa kufuata ziwa, na wapo wa Ujiji, ambao huja kwa njia ya Manyovu na Mugina. Babu alipofariki aliacha nyumba moja, na nyumba hiyo ilifanya baba mkubwa wa Buyenzi na baba mdogo wa Rumonge wasisalimiane kwa miaka minne. Bibi ndiye aliyetaka tukutane. Alisema anataka kutuona sote mahali pamoja macho yake yakiwa bado yanaona.

Sikufikiri sana. Nilipanga kama mtu wa bweni: mpira. Rumonge na Buyenzi, kumi na mmoja kila upande, wa Ujiji wagawanywe kujaza pengo. Refa mimi. Kama dakika ya ishirini binamu mmoja wa Rumonge aliangushwa karibu na goli, sikupuliza filimbi, na sauti ikatoka pembeni: "Mmezoea kuchukua vya watu, hata nyumba mlichukua!" Mpira uliishia hapo, na chakula tulikula makundi mawili.

Kilichoniuma zaidi nilikiona baadaye kwenye picha za simu. Wanaume 22 wako uwanjani. Watoto wamekaa juani. Bibi yuko kwenye kiti peke yake, mbele yake migongo ya watu. Shangazi zangu wote wako jikoni wanamenya ndizi. Tulikuwa tumewaita watu zaidi ya 60 waje kuunga udugu, na wengi wao waliondoka bila kuzungumza na yeyote ambaye hawakuwa wakizungumza naye kabla.

Nilirudi chuoni nikiwa na swali: je, kosa ni michezo yenyewe? Mmoja wa wazee alikuwa amesema hivyo waziwazi, kwamba siku ya ukoo ingetosha kwa dua na chakula. Nikaanza kusoma. Katika Suratu Yusuf aya ya 12, ndugu zake Yusuf walipotaka kumchukua kwa baba yao, walitoa hoja kwamba aende nao akafurahi na kucheza. Nia yao ilikuwa mbaya, lakini Nabii Yaaqub (a.s.) hakuwakatalia kwa sababu ya kucheza; alichosema ni kwamba anamhofia mbwa mwitu. Na siku ya Idi Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini Madina, Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bibi Aisha (r.a.) naye akatazama mpaka alipochoka mwenyewe. Basi kucheza siku ya furaha si jambo la kuonea haya.

Hadithi iliyonigusa hasa ni ile aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Salama bin Akwa'i. Mtume (s.a.w.) alipita kwa watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga mishale. Akawahimiza, akawakumbusha kwamba Ismail, baba yao wa zamani, alikuwa mlenga shabaha, kisha akasema yeye yuko upande wa kundi fulani. Kundi la pili likashusha mikono. Alipowauliza kwa nini wameacha, wakasema: tutalengaje na wewe uko upande wao? Akawaambia waendelee, yeye yuko pamoja nao wote.

Nilikaa na hadithi hii siku kadhaa. Alianza kwa kuwarudisha wote kwa babu mmoja. Tena, alipoona upande wake umewavunja wengine moyo, hakusema "huu ni mchezo tu". Aliubadilisha upande wake. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume: nilichukua mpaka uliokwisha kuugawa ukoo nikauchora kwa chokaa uwanjani.

Mwaka uliofuata nilianza na majina. Kila mtu alipofika Rumonge alichukua kitambaa kutoka kwenye kapu bila kuangalia: kijani, njano, nyeupe. Kila kundi likawa na watu wa sehemu zote tatu, na waliozaliwa nyumba moja wakijikuta pamoja niliwatenganisha. Kuna waliolalamika, hasa vijana wa kwetu Buyenzi waliotaka kulipiza ule mpira. Niliwaacha walalamike. Mpira ulichezwa, nusu saa tu, kwa rangi za vitambaa, na sauti ya mwaka uliopita haikuwa na pa kusimamia, kwa maana kila aliyepiga kelele alikuwa na ndugu wa upande wa pili kwenye timu yake.

Jambo la pili nililichukua kwenye mashindano ya farasi aliyoyasimulia Ibn Umar (r.a.), yamo katika Bukhari na Muslim. Farasi waliokuwa wameandaliwa walikimbizwa kutoka Hafyaa mpaka Thaniyatul Wadaa, mwendo wa maili tano au sita kwa maelezo ya mpokezi mmoja. Wasioandaliwa walikimbizwa kutoka Thaniya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, maili moja. Wote walishindana, ila kila mmoja kwa kipimo chake. Kwa hiyo tulikuwa na mbio za magunia za vijana, za yai kwenye kijiko za watoto, kuvuta kamba, na mkeka wa bao chini ya mchikichi kwa wazee. Pointi za bao zilihesabiwa sawa na za kamba. Baba mkubwa, ambaye magoti hayamruhusu hata kuchuchumaa, aliiletea timu ya njano pointi nyingi kuliko kijana yeyote, na alijua hivyo.

Kwa upande wa kina mama, Abu Daud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha safarini, mara ya kwanza akashinda Aisha, baadaye akashinda Mtume. Tulitenga ua wa nyuma ya nyumba, wanawake na wasichana wakacheza rede na kuruka kamba bila macho ya wanaume. Lakini ua hausaidii kitu kama wenye kuutumia wako kwenye moshi. Tulipika mchele usiku uliotangulia, na asubuhi ndizi zilimenywa na wanaume, vibaya kidogo, nakiri. Ukitaka kujua kama ratiba yako ni ya haki, angalia nani bado yuko jikoni saa nane mchana.

Kuhusu zawadi, uwe makini. Binamu mmoja alitaka kila timu itoe faranga 50,000 na mshindi achukue zote. Hiyo ni kamari, hata kama ni ndugu na hata kama wanacheka. Mali ikitolewa na asiyeshindana, wanazuoni wengi wa zama zetu wanaona ni sawa katika mchezo wa halali, na wapo wanaobana zaidi kwa hadithi inayotaja ngamia, farasi na mishale. Muulize sheikh wako kabla ya siku. Sisi tulipewa mbuzi na jirani asiyecheza, akaliwa na wote. Ziwa nalo liko karibu: hakuna mtoto aliyeshuka majini bila mtu mzima, maana Tanganyika ina mamba na viboko. Na michezo ilisimama robo saa kabla ya adhana ya alasiri.

Sasa nije kwenye mchezo ambao ningeubakisha hata kama mengine yote yangeondolewa. Tirmidhi amepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alituagiza kujifunza katika nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu. Wiki moja kabla, nilikaa na Bibi, akanipa maswali, nikayaandika kwenye vipande vya karatasi. Kila mtoto alipewa swali moja ambalo jibu lake analo mzee wa sehemu nyingine. Wa Ujiji waulize Buyenzi, wa Buyenzi waulize Rumonge. Bibi aliuza nini sokoni kabla ya kuolewa? Jina la nyumbani la shangazi mkubwa lilitoka wapi? Nilihofia lugha, kwa kuwa wadogo wa Rumonge hukimbilia Kirundi na wa Ujiji hawakijui, lakini watoto walitafsiriana wenyewe.

Mtoto wa mwisho wa baba mkubwa, msichana wa miaka tisa, alipata swali ambalo Bibi alisema nilitoe kwa huyo huyo na si mwingine. Alikwenda kwa baba mdogo akasimama mbele yake.

"Shikamoo baba mdogo. Nani alikutoa majini ulipokuwa na miaka sita?"

Baba mdogo aliichukua ile karatasi, akaisoma mwenyewe. Alikaa nayo. Kisha akamwambia, "Kamwite baba yako. Yeye ndiye anaikumbuka vizuri."

Baba mkubwa aliacha kete zake kwenye bao, akaja. Sikusikia walichosema, wala sikusogea kusikia. Niliona tu kwamba mtoto alikaa katikati yao, akiwageukia mmoja mmoja kama anayetazama mpira wa meza.

Bukhari amepokea kutoka kwa Abdullah bin Amr (r.a.) kwamba muunga udugu si yule anayerudisha alichotendewa, bali ni yule ambaye udugu wake ukikatwa, yeye huunga. Sijui kati ya wawili wale nani alianza. Najua pia kwamba mchezo haugawi mirathi. Mirathi ina aya zake katika Suratun Nisaa, na nyumba ya babu bado haijagawanywa. Kikao cha kwanza mbele ya sheikh kimepangwa baada ya Idi hii. Baba mdogo ameomba kifanyike Buyenzi, kwa kaka yake, na Bibi ameniagiza nije na karatasi nyingine, kwa kuwa maswali hajayamaliza.

Wabillahi taufiq.