Vigae vya Jikoni Haviui Dhamana ya Paa

Swali: Msomaji aliyenunua nyumba mpya Uingereza alimwita fundi wake kuweka vigae jikoni. Sasa paa linavuja mpaka vyumbani, na mjenzi anadai dhamana yote imekufa. Je, ana haki hiyo?

Jibu: Hana. Dhamana ya karatasi huweza kuwa na masharti, na mjenzi anaweza kukataa kurekebisha kilichoharibiwa na fundi wa nje. Lakini vigae na paa wapi na wapi?

Tena, juu ya karatasi hiyo kuna sheria. Sheria ya Majengo Yenye Kasoro ya mwaka 1972, inayotumika Uingereza na Wales, inamtaka mjenzi atumie ufundi stahiki na vifaa vinavyofaa, ili nyumba ikikamilika ifae kukaliwa na watu. Kifungu cha 6 kinabatilisha sharti lolote la mkataba linalokwepa wajibu huo. Sahihi ya mnunuzi haibadilishi kitu.

Kwa nyumba zilizokamilika baada ya 28 Juni 2022, muda wa kudai ni miaka 15. Za kabla ya hapo, 30.

Msomaji apige picha za uvujaji, amwandikie mjenzi kwa maandishi yenye tarehe, kisha amwone mwanasheria.