Mbwa Asizurure: Wajibu wa Mwenye Mbwa Mbinga na Nyasa

Katika milima ya Umatengo mbwa hulinda mahindi dhidi ya nyani na nguruwe pori. Kando ya ziwa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, hulinda nyumba wakati wenyewe wako majini. Somo hili halimtaki mtu aache kufuga. Linahusu zile saa ambazo mbwa hana kazi, naye amefunguliwa ajitafutie chakula: kwenye vichanja vya usipa, sokoni, na katika njia za watoto waendao shule.

Sheria ndogo hutungwa na halmashauri, kwa mamlaka ya Sura ya 287 kwa wilaya na Sura ya 288 kwa miji. Wengi husahau kwamba Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na kwamba Mbinga yenyewe ina Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya. Basi aliyehama kutoka Mbinga mjini kwenda Liuli asidhani kuwa masharti na faini ni zile zile. Mwombe mtendaji wa kijiji au kata akuonyeshe sheria iliyoandikwa, na ukitozwa faini, dai stakabadhi ya serikali.

Kufunga nako kuna namna yake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili. Mbwa aliyefungwa kwa waya shingoni, juani, bila maji, anateswa, na siku atakapokatika atauma. Uzio au banda ni bora. Penye mnyororo, uwe mrefu, wenye ukanda mpana, na kivuli kiwe karibu. Mbwa alishwe nyumbani. Mwenye njaa huifuata harufu ya samaki hata umfunge vipi.

Jambo zito kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Virusi vyake hupita katika mate, na dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Takribani asilimia 99 ya maambukizi kwa watu hutokana na mbwa. Chanjo ya mbwa ndiyo kinga, na hapa mlaji ana haki ya kuuliza: chanjo imehifadhiwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8? Muda wake haujapita? Anayechanja anatambuliwa na afisa mifugo wa kata? Chanjo iliyoshinda mfukoni mwa mchuuzi juani ni fedha iliyotupwa. Hifadhi kadi, bila kadi huna ushahidi.

Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisipakwe pilipili, mafuta wala majivu. Kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Si kila zahanati huwa na chanjo ya binadamu, hivyo ni busara kupiga simu kabla ya kulipa nauli ya gari au mashua. Dozi zikamilishwe zote kwa tarehe zilizoandikwa.

Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira. Kama anaweza kufungiwa salama, afisa mifugo atamwangalia kwa siku 10, wakati aliyeumwa ameshaanza matibabu bila kusubiri. Mbwa akifa au akibadilika tabia katika siku hizo, mganga aarifiwe papo hapo, na mzoga usiguswe kwa mikono mitupu.