Moshi Mlimani Usipokushtua Tena

Kiangazi kikikolea, moshi kwenye vilima vya Chala, wilayani Nkasi, si habari. Mtu anautazama, anasema "wanachoma tu", anaendelea na safari yake ya sokoni. Hana roho mbaya. Ameuona kila mwaka mpaka moyo umekufa ganzi. Ganzi hiyo inatibika, na bei yake ni daftari.

Nianzie wapi? Liache kwanza neno "mazingira", ni pana mno kumuuma mtu. Chagua chemchemi mnayochota nyumbani kwenu. Kinga dumu la lita 20, pima kwa simu linajaa kwa dakika ngapi, andika daftarini pamoja na tarehe. Rudia kila mwezi, palepale. Nenda na watoto, na mzee aliyechota hapo tangu ujanani; awaonyeshe maji yalikuwa yakifika wapi. Ukisubiri dumu mwezi wa Oktoba, akina mama wamepanga foleni nyuma yako, moshi wa mlimani unaanza kukuhusu.

Moto na maji vinahusianaje? Nyasi zikiungua, udongo unabaki uchi. Mvua ya kwanza inausomba hadi bondeni badala ya kuzama taratibu na kulisha chemchemi.

Tusipochoma, shamba tulisafisheje? Wafipa, wenyeji wa huku, wanalo jibu la siku nyingi: ntumba. Mvua zikielekea ukingoni, nyasi hulimwa na kufukiwa ndani ya tuta la duara, zikaoza zikawa mbolea. Juu hupandwa maharage. Msimu unaofuata tuta husambazwa, ukapandwa ulezi. Hununui mbolea, ila jembe linachosha kwelikweli, kwa hiyo saidianeni kwa zamu.

Nikiona moto? Mwarifu mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, au piga 114, namba ya Zimamoto, bila malipo. Usipande mlimani peke yako.

Kuwabadili wengine, tumia mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria hufanyika walau kila miezi mitatu, na kila mkazi wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Mwombe mtendaji mapema aliweke suala la moto kwenye ajenda. Siku hiyo yule mzee wa chemchemi aseme kwanza, kisha soma dakika zilizomo daftarini. Watu wakiafiki, iombeni serikali ya kijiji iandae sheria ndogo, ipitishwe mkutanoni, ndipo ipelekwe Namanyere kwa idhini ya Halmashauri ya Wilaya ya Nkasi.